Matone 112: miezi sita na mafuta ya mnyororo ya kifuniko cha kijani

Shilingi 35,000 kwa kichupa cha mililita 120 cha Finish Line, mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Naanza na bei kwa sababu ndiyo mtakayoniuliza, na fundi wangu wa Barabara ya 12 aliniuliza hiyo hiyo kabla hata hajakishika. Nilipomtajia aliweka spana chini akacheka. "Kaka, kwa hela hiyo nakupa cheni mpya tano, na ya kwanza nakufungia bure." Hesabu yake haina kosa, cheni ya Phoenix kwake ni 7,000. Nitairudia huko chini, maana sikuja hapa kuwadanganya kwamba mafuta haya yananiingizia faida.

Mimi nasambaza mikate, Tanga mjini. Saa kumi alfajiri nachukua boflo 120 bekari, nazipanga kwenye sanduku la bati lililofungwa kwenye karia, naanza Chumbageni, nakwenda Makorora na Mikanjuni, nazunguka Majani Mapana, halafu namalizia Raskazone kwenye nyumba mbili tatu zinazolipa vizuri. Jumanne na Ijumaa naongeza Kange. Kwa siku ni kilomita 28 hivi, siku sita kwa wiki. Baiskeli ni Phoenix ya breki za vyuma, gia moja, kifuniko cha mnyororo nilishakitoa siku nyingi kwa sababu kilikuwa kinagonga.

Mpaka mwezi wa pili mwaka huu mnyororo wangu ulikuwa unalia. Ulikuwa unalia kama kifaranga aliyeachwa na mama yake, kila pedali ya kulia inapopanda. Nilizoea, na wateja wakazoea. Kuna mama mmoja wa Makorora, muuza chai, alikuwa hana haja ya saa ukutani: akisikia kwii, kwii inakata kona ndipo anainuka kuwasha jiko.

Si kwamba nilikuwa siupaki mafuta. Niliupaka kila kitu. Nilianza na oili chafu kama wengi wetu, kwa sababu ni bure, unakwenda na kopo gereji yoyote ya pikipiki unajaziwa. Ule weusi ndio unaotudanganya. Unapaka, mnyororo unang'aa, unaona umeshiba. Kumbe weusi wenyewe ni masizi na unga wa chuma uliosagika ndani ya injini ya mtu mwingine, nawe unaupeleka kwenye mnyororo wako ukaanze kusaga upya. Tena mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika yana kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi kwa mtu anayeyashika siku zote, na mimi nilikuwa nayashika kwa mikono hiyo hiyo ninayotolea mkate. Lakini niseme ukweli, kilichonitoa kwenye oili chafu hakikuwa afya. Ni mteja wa Raskazone aliyeinusa boflo, akaninusisha na mimi, akaniuliza, "Hii mmeiokea gereji?" Matone yalikuwa yanaruka kutoka kwenye friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, mpaka chini ya sanduku.

Nikahamia oili ya cherehani. Mke wangu ni fundi wa nguo, kwa hiyo ipo ndani muda wote. Ile ni nyepesi, haina rangi, haina harufu, inaingia kwenye rola, vile vigurudumu vidogo vya mnyororo, kama maji kwenye mchanga. Tatizo ni kwamba inatoka upesi kama ilivyoingia. Siku ya tatu mnyororo umekauka, unapaka tena. Wiki ya pili mke wangu alichora mstari wa peni kwenye chupa, usawa wa mafuta yalipofikia, akairudisha kabatini bila kusema neno. Nikaacha.

Halafu kuna kopo la kupuliza nililouziwa dukani, jina nalihifadhi. Muuzaji aliniambia ni dawa ya kila kitu, bawaba, kufuli, cheni, mpaka viatu. Lilinyamazisha mnyororo kwa asubuhi moja. Asubuhi ya pili ulilia kuliko mwanzo, maana kilichokuwa ndani kilikuwa kinaosha hata kale kamafuta kalikobaki. Msichanganye na WD-40, lile kopo la bluu na njano, ambalo kazi yake iko kwenye jina: herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini, watengenezaji wake walipokuwa San Diego mwaka 1953 wakitafuta dawa ya kuzuia kutu kwa viwanda vya makombora. Mimi nalitumia kwa kazi hiyo hiyo. Nikinyeshewa sana, au wimbi la Raskazone likinirukia, napuliza, nafuta, halafu ndipo napaka mafuta yenyewe. Kampuni hiyo inatengeneza na mafuta ya cheni, ila ni chupa nyingine.

Mafuta ya kupikia sijayajaribu. Nimeona mnyororo wa jirani aliyejaribu: yaliganda yakawa gundi ya njano, na sisimizi wakahamia.

Aliyenibadilisha ni Mjerumani mmoja mwenye mabegi manne kwenye baiskeli, ametoka Mombasa anakwenda Pangani. Nilimkuta Kange ameegemea mti anakunywa dafu. Nikapita na kilio changu, akanyoosha mkono nisimame. Kiswahili chake kilikuwa jambo na asante, Kijerumani changu hakipo kabisa, lakini hakuna kilichohitaji kutafsiriwa. Akatoa kitambaa, akaufuta mnyororo wangu kwa dakika kumi nzima bila mafuta yoyote, kitambaa kikawa cheusi, akakigeuza, kikawa cheusi tena. Ndipo akatoa kichupa, akadondosha tone moja moja huku anazungusha pedali kinyumenyume. Akarudi kumalizia dafu lake. Akaja akafuta tena! Nikasikitika kimoyomoyo kuona mafuta mazuri namna ile yanaishia kwenye kitambaa. Nilipopanda na kukanyaga nilishuka hapo hapo, nikidhani mnyororo umekatika. Ulikuwa mzima, ila hausikiki.

Nikakipiga picha kichupa. Ni Finish Line, ya Marekani, aina ya njia za maji na matope, kifuniko cha kijani. Wanayo pia ya kifuniko chekundu, ya njia kavu. Mpwa wangu anayesoma Dar akanitafutia ya kijani, akaituma kwa basi, nikaipokea mwisho wa mwezi wa pili, wiki moja kabla masika hayajaanza. Siku hiyo hiyo nikafunga mnyororo mpya na friwili mpya ili nisije nikausingizia mnyororo mzee makosa ya mafuta.

Sasa, kichupa chenyewe. Mafuta ni mazito kuliko ya cherehani kwa mbali, mepesi kuliko grisi. Harufu ni ndogo, na hili kwangu ni kubwa kuliko mengine yote kwa sababu ya mikate. Ncha ya chupa ni nyembamba, unaminya kidogo linatoka tone moja, ukiacha kuminya linakoma. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Lakini ukitafakari, nusu ya tabu ya oili chafu ni kwamba tunaipaka kwa brashi au kwa kijiti, au tunamimina kutoka kwenye kopo, na yote inakaa juu ya mnyororo mahali isipohitajika.

Maana mnyororo hauliwi kwa nje. Siku moja fundi alinikatia kipande cha mnyororo mzee nikakifungua. Kuna vibati vya pembeni, kuna pini, pini imevaa bushi, bushi imevaa rola, na rola ndiyo inayokaa kwenye jino la gia. Namna hii ya mnyororo ilibuniwa na Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, mwaka 1880, na wa kwangu bado ni huo huo, nusu inchi kutoka pini hadi pini. Kinacholika ni pini ndani ya bushi, sehemu ambayo macho hayafiki. Zile pini zilizotoka kwenye kipande changu zilikuwa zimeliwa upande mmoja mpaka zimekuwa na kiuno. Kwa hiyo tunaposema cheni imevutika, haijavutika. Kila pini imepungua unywele, na nywele mia na kitu zikijumlishwa mnyororo unakuwa mrefu, unaanza kupanda juu ya meno na kuyanoa yawe kama ya papa.

Ndiyo maana tone linatakiwa liende kwenye rola na kwenye nafasi ya vibati, likazame. Lililobaki nje ni mtego wa vumbi tu.

Ninavyofanya ni jioni, kamwe si alfajiri. Mafuta yanahitaji saa kadhaa kuzama, na ukipaka ukaondoka hapo hapo yanaishia kwenye suruali. Baiskeli inasimama kwenye stendi yake, siipindui kwa sababu ya sanduku. Nafuta kwanza kwa kitambaa kikavu, nakikunja juu ya mnyororo, nashika kwa vidole viwili na kuzungusha pedali nyuma mpaka mkono uchoke. Halafu natafuta kile kiungo chenye kilipu, ndicho alama yangu ya kuanzia na kumalizia, bila hivyo utazunguka mara mbili bila kujua. Hapo hapo naangalia kilipu kimekaa sawa: upande uliofunga uelekee mnyororo unakokwenda, uwazi uwe nyuma, la sivyo siku moja kitachomoka ukiwa na boflo 120 mgongoni.

Napaka kwenye mstari wa chini wa mnyororo, upande wa juu yake, yaani ule unaotazama ndani. Ukizunguka kwenye gia mafuta yanasukumwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo yakianzia ndani yanapita kwenye rola kabla hayajatoka. Tone moja kila rola. Mnyororo wangu una viungo 112, kwa hiyo ni matone 112, na ndiyo, niliyahesabu mara ya kwanza. Siku hizi mkono unajua. Nazungusha tena kidogo, naacha, naenda kula. Baada ya chakula narudi na kitambaa na kufuta kila kinachoonekana, mpaka ukigusa mnyororo kidole kinatoka na kivuli cha mafuta, si mafuta. Hapo ndipo roho inapouma kwa mtu aliyetoa 35,000. Futeni tu.

Angalizo la breki: Phoenix hizi breki zake zinabana rimu kwa ndani. Tone likidondokea rimu ya nyuma hutalijua mpaka uwe unateremka na mbuzi akatize. Mimi naweka kipande cha gazeti kati ya mnyororo na gurudumu.

Kwa mnyororo mchafu kweli, uliokwisha kula oili chafu ya mwaka mzima, kufuta hakutoshi. Ung'oe, uingize kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu pamoja na mafuta ya taa, tikisa kama unachanganya dawa, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Kisha uanike juani nusu siku, kwa sababu mafuta ya taa yakibaki ndani yatayayeyusha mafuta mapya na utasema chupa ni feki. Petroli wengine wanatumia, mimi siwezi, kwetu jiko la mkaa liko hatua tatu kutoka ninapofanyia kazi.

Masika yalikuwa mtihani mzuri. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano nilipaka mara moja kwa wiki, kila Jumapili jioni. Nilinyeshewa siku nyingi kuliko nilizokauka. Kuna asubuhi ya Mikanjuni maji yalifika kwenye pedali, nikashuka nikasukuma, nikawa na hakika safari ya kurudi itakuwa ya kwii kwii. Haikuwa. Na kutu, ambayo hapa kwetu upepo wa bahari unaileta hata kwenye baiskeli iliyolala ndani, sikuiona kwenye rola hata mara moja, ila kwenye vibati vya nje kidogo, mahali nilipokuwa nimefuta sana.

Kiangazi nilikosea mwenyewe. Mwezi wa sita mvua zimekatika, nikaendelea na dozi ile ile ya kila wiki, tena nikaanza uvivu wa kufuta. Wakati huo nilipata mteja Pongwe, njia ya malori ya chokaa na saruji, vumbi jeupe kama unga. Siku nne tu mnyororo ukawa na uji wa kijivu. Mafuta yoyote mazito yanafanya hivyo yakikutana na vumbi, na kifuniko cha kijani kimeandikwa waziwazi kimetengenezwa kwa ajili ya njia gani. Nikauosha kwa mafuta ya taa, nikapunguza kuwa mara moja kila wiki mbili, na kila jioni nafuta kwa kitambaa kikavu dakika moja. Uji haukurudi. Lakini mtu wa Dodoma au Shinyanga anayekula vumbi miezi minane asinunue hii kwa kufuata maneno yangu, achukue ile nyekundu. Kuna na vijana wa baiskeli za mashindano wanaochemsha mnyororo kwenye nta ya mishumaa, vumbi halishiki kabisa, ila mvua ya siku moja inawarudisha jikoni. Kwa Tanga sioni.

Jumla nimepaka mara 19, kumi na tatu za masika na sita za baadaye, na chupa iko chini kidogo ya nusu. Mwisho wa mwezi wa nane nilichukua rula ya chuma (si futi kamba ya cherehani, ile inavutika) nikapima inchi 12 kutoka katikati ya pini moja. Mnyororo mpya pini ya 24 baada ya hiyo inaangukia hapo hapo kwenye 12. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ikipita kwa moja ya nane, meno ya gia nayo yameshaharibika, utabadilisha vyote. Wangu wa miezi sita haujafika hata kwenye ile ya kwanza. Minyororo yangu ya zamani, ya oili chafu, kwa miezi minne ilikuwa imevuka ya pili.

Turudi kwa fundi. Zamani kwa mwaka nilikuwa namaliza minyororo mitatu na friwili moja: 21,000 na 6,000, jumla 27,000. Sasa naona mnyororo mmoja utanifikisha mwaka, 7,000, na chupa moja, 35,000. Ni 42,000. Fundi ameshinda kwa 15,000, na nilimpelekea majibu mwenyewe, akanikaribisha soda kwa ushindi.

Alichokosa kwenye hesabu yake ni suruali mbili nilizokuwa naziharibu kwa mwaka, na yule mteja wa Raskazone aliyerudi na sasa anachukua boflo nane badala ya tano. Na magoti yangu, ambayo hayana duka.

Kwa hiyo kama baiskeli yako ina gia nyingi, mnyororo na gia zake vinauzwa bei ya kuumiza, nunua chupa usiulize. Kama ni ya gia moja na hubebi chakula, nakushauri kitu kingine: nunua oili mpya ya injini, nusu lita kwa 6,000, na sirinji ya duka la dawa, uitupe sindano. Tone moja kila rola, subiri, futa. Harufu ipo na itarukaruka zaidi, ila umepata sehemu kubwa ya ninachokipata mimi na hiyo nusu lita itakuzeesha. Fundi mwenyewe ameanza kuwafanyia hivyo wateja, anatoza 500, na anasema ni ubunifu wake.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya bei, na kwa sababu Tanga sijaiona dukani, mpaka uwe na mpwa.

Hasara moja sikuitegemea. Wiki ya kwanza yule mama wa chai wa Makorora alinigombeza mbele ya watu. Nilikuwa nimeacha boflo zake kwenye ndoo kama kawaida nikaondoka, yeye amelala anasubiri kilio. Wateja wake wa alfajiri wakakuta jiko baridi. Nikamwambia mama yangu, samahani, mnyororo umepona. Akasema yeye hilo halimhusu. Nimefunga kengele, 4,000, naipiga mara tatu kwenye kona yake, na hiyo nayo iingizwe kwenye hesabu.

Chupa naiweka kabatini pembeni ya oili ya cherehani, na safari hii mstari wa peni nilichora mimi. Jumapili iliyopita nimekuta mafuta yako chini ya mstari kwa unene wa kidole. Nikamuuliza mke wangu. Hakunijibu, alikwenda akaufungua mlango wa uani, akaufunga, akaufungua tena. Haukulia.